Kuhusu Kurudi Kwenye Kondoo

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, na baba yako naye kaisoma. Unauliza kama ukiacha kazi uje kuwachukua kondoo hawa utaweza kuishi, na kwa nini sisi, pamoja na kulalamika kote huku, hatujawauza.

Wanalipa, ila si kila mwezi. Jike hubeba mimba siku 147 hivi, halafu mwanakondoo hukaa miezi mingine kabla hajafaa kuuzwa. Matumizi ni ya kila wiki, mapato ni ya msimu. Manyoya usiyatie kwenye hesabu. Kuna miaka yanauzwa hata ujira wa mnyoaji hayatoshi, na kunyoa ni lazima. Kwa mtu aliyezoea mshahara, hilo litamsumbua kuliko harufu ya zizi.

Msimu wa kuzaa unaukumbuka kwa kuwanywesha yatima kwa chupa, nami sikunyimi utamu huo. Ila wewe ulikuwa ukilala. Mwanakondoo hupata kinga ya mama yake kwa dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, si tumboni, na baada ya siku moja hivi utumbo wake hauwezi tena kuipokea. Kwa hiyo saa zile za kwanza lazima anyonye, iwe mvua, iwe usiku wa manane. Jike akimkataa mwanawe, unamshika kwa nguvu mpaka mtoto ashibe, na baada ya saa chache unarudia. Aliyefiwa tunamletea yatima aliyevishwa ngozi ya marehemu, kwa kuwa mama humjua wake kwa harufu. Mara nyingine hukataa katakata. Akikubali, akaanza kunguruma kwa sauti ya chini huku akimlamba mtoto asiye wake, mimi husahau kabisa kwamba sijalala. Katika kazi hii sijapata furaha inayozidi hiyo.

Kinachoniumiza ni kwamba kondoo huficha ugonjwa. Ni mnyama wa kuwindwa, anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Wapo minyoo wanaonyonya damu tumboni. Kondoo atakula nao, atafuata kundi, kisha asubuhi hainuki. Ndiyo sababu baba yako huwafunua kope la chini. Pakiwa pekundu, mwache aende. Pakiwa peupe, apewe dawa leo hii. Hatuwapi wote kwa mkupuo, maana hapo wanaobaki ni minyoo wasiokufa kwa dawa hiyo, na wao ndio watakaozaana. Kuna na ule ugonjwa wa ghafla wa utumbo, unaokuja malisho yakibadilika kuwa mazuri kupita kiasi. Huo huchagua walionona. Chanjo ipo, tunachanja, lakini wakulima wengi hujifunza habari zake wakiwa wamesimama mbele ya mzoga wa mwanakondoo wao bora.

Hukuuliza kuhusu kufanya kazi na baba yako, nami nitakujibu hata hivyo. Yeye huamua kwa macho, wewe utataka daftari. Ugomvi wa zizini mtaingia nao hadi mezani. Kubalianeni mapema nani ana neno la mwisho jike gani auzwe, kwa sababu kila mmoja wenu atakuwa na kipenzi chake, mara nyingi mzee na asiyezaa.

Mbona hatujauza? Kila tunapolifikia jambo hilo, majike wazuri wana mimba, na hakuna kati yetu anayetaka kuondoka kabla hajaona watazaa nini. Mwenye akili za biashara atacheka, na acheke.

Kazi usiache bado. Omba likizo uje wakati wa kuzaa, ulale chumba cha karibu na zizi, zamu za usiku ziwe zako, si za kusaidia. Dume tutamwingiza kundini mwanzoni mwa mwezi ujao. Hesabu miezi mitano, umwambie bosi wako mapema.

Mama yako