Kuhusu hamira na imani
Dada, umeuliza kama kujifunza kuumua maandazi kunaweza kumfundisha mtu chochote kuhusu imani, au tunalazimisha mambo. Mimi kumenifundisha. Mara ya kwanza nilimimina tui la moto juu ya hamira, nikasubiri saa mbili, donge likabaki vilevile. Hamira ina uhai, na joto kali huiua. Sasa nalijaribu tui kwa kidole kwanza, liwe vuguvugu tu. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimsukuma mwanangu kusali, kwa ukali, kana kwamba ukali wangu ndio ungemkuza.

Kisha soma Mathayo 13:33 ukiwa na unga mikononi. Yesu anasema ufalme wa mbinguni umefanana na chachu ambayo mwanamke aliisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Hicho ni chakula cha watu wengi, si cha nyumba moja! Na ikishasitiriwa, haionekani tena. Mimi nilikuwa nafunua bakuli kila baada ya dakika kumi. Siku hizi nafunika kwa kitambaa, naenda kufua, na namwombea mwanangu nikiwa hapo kwenye beseni.