Jiko la Zamani Kwenye Fleti: Anzia Chini ya Sinki

Tangu niweke picha za jiko langu jipya, swali linalojirudia ni la dada mmoja anayekaa Upanga, Dar es Salaam, kama mimi: "Dada, makabati yangu ni ya tangu jengo linajengwa. Nibadilishe milango tu au nivunje yote?" Nimeona nijibu hapa, maana najua mko wengi mnaolitamani jiko zuri na mnaogopa kuliwa hela.

Woga huo nauelewa, mimi nimeshaliwa. Fundi wa kwanza alikuja na katalogi, maneno matamu na risiti yenye muhuri. Tulikubaliana marinibodi, yaani plaiwudi inayostahimili maji, akachukua karibu hela yote, hela niliyoitoa kwenye kikoba. Akafunga makabati meupe yanayong'aa, majirani wakaja kupiga picha. Masika ilipoingia, kabati la chini ya sinki likaanza kuvimba kama mkate uliolowa chai. Rangi ikapasuka, na ndani yake nikakuta unga wa mbao. Ilikuwa chipibodi tupu. Nilipompigia alinijibu, "Mama, nyie mnamwaga sana maji." Neno lile mpaka leo linaniuma. Jiko gani halimwagikiwi maji?

Safari hii nilikwenda mwenyewe Keko, kwa maseremala, nikaomba kuona kipande kilichokatwa. Ndugu zangu, usiangalie uso wa ubao, angalia ukingo. Plaiwudi ina matabaka membamba yaliyolaliana, na ile ya marini imegandishwa kwa gundi inayostahimili maji. Chipibodi ukingoni ni chembechembe, ukikwangua kwa kucha zinadondoka. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni laini, haina matabaka, inafaa milango iliyopakwa rangi vizuri, lakini chini ya sinki msiiweke.

Kwa hiyo kabla hujaita fundi, toa sufuria na ndoo zote chini ya sinki, washa tochi ya simu, bonyeza sakafu ya kabati kwa dole gumba, hasa pembeni na nyuma bomba linapoingilia ukutani. Kukiwa kugumu na kukavu, badilisha milango, bawaba na reli za droo, inatosha kabisa. Kukibonyea, au ukinusa uvundo, vunja. Milango mipya juu ya mzoga uliooza ni hela ya kutupa.

Ukivunja, fundi bomba aingie kabla ya seremala. Mabomba ya fleti za zamani yameshika kutu, na ukifunga makabati kwanza utakuja kuyakata tena. Uongozi wa jengo upe taarifa mapema, na kama umepanga, pata kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi.

Kuna jambo mafundi wengi hawalijali: sisi tunadeki kwa maji. Kabati likikaa moja kwa moja sakafuni, kila siku linanyweshwa. Mimi yangu yamesimama kwenye miguu ya plastiki ya sentimita 10, na ubao wa mbele unachomoka. Nafagia chini, mende hawana pa kulala. Juu nimeweka granaiti, kimo sentimita 90 kutoka sakafuni, kina sentimita 60. Wewe pima kwa mwili wako, usikatiwe kimo cha mtu mwingine. Bawaba nunua zisizoshika kutu, upepo wa bahari huku kwetu hauna huruma. Na acha nafasi ya pipa, kwa sababu maji ya DAWASA yakikatika utaliingiza tu.

Mtungi wa gesi ukiuficha kabatini, toboa matundu ya hewa chini kabisa ya mlango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, haipandi. Nilimsimamia seremala mpaka akayatoboa, ingawa alisema yanaharibu sura.

Shemeji yangu aliniambia jiko ni jiko tu, hela hiyo ningenunulia kiwanja. Wanawake wenzangu, msikubali kusemwa hivyo. Pale ndipo tunaposimama asubuhi na jioni, pale ndipo afya ya nyumba inapotoka. Mtu anayekula chakula chako bila kujua sinki linavuja hana haki ya kukupangia. Simamia kazi yako, uliza, shika ubao kwa mkono wako, na fundi akikuita msumbufu mwache akuite.

Na hela usiitoe yote. Vifaa nilinunua mwenyewe, bodi, bawaba, hata silikoni, fundi nikamlipa ufundi kwa awamu: makabati yakishasimama, milango ikishafungwa, na awamu ya mwisho baada ya majaribio. Majaribio yenyewe ni haya: ziba sinki, lijaze hadi juu, achia maji yote kwa mpigo, kisha pitisha tishu kavu kwenye kila maungio ya bomba. Ikilowa hata kidogo, fundi bomba arudi kukaza na mjaribu tena. Fanyeni hayo mafundi wote wawili wakiwepo, kabla hujatoa simu kuwatumia hela.