Tabibu kwenye zoezi la mizinga: kaa tayari kwa vidole, si kwa risasi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Mdogo wako kaingia jeshi la Marekani kama tabibu wa vitani (kazi ambayo jeshi linaiita kwa namba, 68W), na kikosi chake cha mizinga kinaelekea mazoezini Ulaya: kazi yake huko itakuwa nini? Na je, njia hiyo itamfikisha kwenye udaktari? Mkoba huo niliubeba miaka sita, nakujibu nilivyoona.

Majeraha ya risasi ayasahau kabisa. Kwenye mizinga watu wanaumizwa na chuma na uzito. Kombora moja la milimita 155 lina kilo 40 na ushee, na vijana wanalibeba mikononi mchana na usiku. Nilichotibu zaidi ni migongo, malengelenge ya miguu, masikio yanayolia na vidole. Nikifika kwenye mzinga nilikuwa naangalia masikio ya watu kwanza, nani kavaa vizibo na nani kavitia mfukoni, mpaka sajenti mmoja akanibatiza "mama masikio". Jina lilinikaa. Na asisimame nyuma ya mtutu. Ukirudi baada ya kufyatua hauchagui tabibu.

Ugumu wenyewe uko kwenye lugha. Mazoezi kama Dynamic Front, ambayo Wamarekani wanayaongoza huko Ulaya, yakiwemo yaliyofanyika Grafenwöhr, Ujerumani, yanaunganisha mizinga ya nchi nyingi kwa kompyuta: askari wa nchi moja anaona shabaha, mzinga wa nchi nyingine unaipiga. Kompyuta zinaelewana. Binadamu sasa...

Kwenye zoezi moja, ambalo silitaji, kijana alibanwa vidole viwili na mlango wa nyuma wa mzinga. Glovu ilikuwa nzima kabisa; kazi ilikuwa ndani yake. Nikaita redioni. Jamaa wa upande wa pili, mtu wa jeshi jingine, akaniuliza kwa upole namba ya kadi ya majeruhi. Mazoezini majeruhi wa kuigiza hupewa kadi inayoeleza jeraha lake, na yeye alidhani huyu ni mmoja wao. Mimi nilikuwa nasema "real world", kama tulivyozoea kwetu. Yeye alikuwa anasubiri "no duff", neno la redio la Waingereza la kusema kwamba hili si igizo. Tukabishana huku kijana ananiangalia usoni. Basi mdogo wako siku ya kwanza aulize neno hilo kabla hajauliza choo kiko wapi. Na ile mistari 9 ya kuombea majeruhi wachukuliwe aikariri mpaka aiote. Ile 5 ya kwanza tu inatosha helikopta kuanza kuruka.

Upande wa ajira, hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Yale majuma 16 ya mafunzo ya utabibu pale Fort Sam Houston, kambi ya jeshi huko Texas, yanampa cheti cha taifa cha EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya ambulansi, na kila miaka 2 lazima akihuishe. Jeshini atafanya makubwa kuliko cheti hicho kinavyoruhusu: atatoboa kifua kutoa hewa, ataweka dripu gizani. Akivua gwanda, hospitali ya kiraia inasoma karatasi tu, na karatasi inasema EMT.

Njia za kupanda zipo. IPAP, programu ya masomo ya jeshi lenyewe, inamtoa askari akiwa msaidizi wa daktari mwenye cheo cha ofisa, karibu miaka miwili na nusu ya shule huku mshahara unaingia. Chuo cha tiba cha jeshi kule Bethesda hakitozi ada, ila baada ya hapo utalitumikia jeshi miaka kadhaa. Zote mbili zinakufanya ofisa, na ofisa lazima awe raia. Kama ameingia na green card, faili la uraia alifungue mapema.

Halafu IPAP wanataka kemia na anatomia kabla hata hujaomba. Aanze mwaka huu, hata somo moja la jioni. Mimi kemia niliianza mwaka wa tano, mkataba ukaisha kabla sijaimaliza, na ujumbe huu nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha ambulansi.