Alimwaga karafuu baada ya simu ya baba yake

Mama wa Wete,

Waalaykumu salaam. Unaeleza kwamba mwanao wa kiume, mwenye umri wa miaka 6, amekuwa mkorofi tangu baba yake alipohamia Unguja kikazi. Juzi, mara tu baada ya kuzungumza naye kwa simu, alitoka uani akazipiga mateke karafuu zilizoanikwa jamvini hadi zikatawanyika mchangani. Ulipomuuliza ana nini, akajibu "Sina kitu", nawe ukampiga. Alipolia, mkweo alimkemea kwamba mwanamume halii. Sasa unauliza namna ya kumwondolea hasira.

Mwanangu, mimi siamini kwamba tatizo lake ni hasira. Simu ilitangulia, karafuu zikafuata. Mtoto huyo alikuwa na hamu ya baba yake, na pengine ukiwa, lakini hana jina la kitu hicho. Anachokijua ni kwamba kifua kimembana na miguu inataka kupiga. Aliposema hana kitu hakuwa mkaidi, bali alikujibu kwa kadiri ya maneno aliyokuwa nayo. Lugha yetu haina upungufu wa majina: hamu, wivu, haya, unyonge, wahaka, kinyongo, simanzi. Majumbani mwetu, hata hivyo, mtoto husikia mawili tu, "amenuna" na "ana hasira", na yote mawili husemwa kama mashitaka.

Anza na mwili, kwa kuwa mtoto huhisi tumboni na kifuani kabla hajajua anachohisi. Mjukuu wangu, asubuhi ya siku yake ya kwanza skuli, aliniambia kwamba tumbo lake "limenuna". Sikumtafutia dawa; nilimwambia kuwa hiyo ni hofu, na kwamba hata mimi hunipata ninapopanda boti ya Unguja huku kusi ikivuma. Alinikodolea macho, maana hakudhani kwamba bibi naye huogopa. Hadi leo tukiwa na wahaka, yeye au mimi, tunasema tumbo limenuna.

Usimfundishe, lakini, wakati amepandwa na ghadhabu, kwani hapo hasikii. Mzuie asijiumize wala asimuumize mtu, kisha kaa karibu naye kimya. Usiku, mnapochambua karafuu na mikono ina shughuli, mwambie: "Nahisi simu ilipokatika ulikuwa na hamu na baba." Akinyamaza, mwache. Karafuu alizozimwaga aziokote, nawe umsaidie, ili ajue kwamba kuwa na hamu si kosa, ila kumwaga mali ya watu ni kosa. Na kwa kile kipigo, mwombe radhi. Mwambie kwamba ulikuwa umechoka na ulisikitikia karafuu. Hilo nalo ni somo, tena kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Kuhusu mkweo, usibishane naye. Yeye anajua vyema kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akasema kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila la kumridhisha Mola. Mwombe kwa adabu amsimulie mjukuu wake habari hiyo yeye mwenyewe.

Ukiona kwamba ukorofi hauna uhusiano na simu, na badala yake mtoto anamwogopa mtu fulani au anakataa ghafla kwenda mahali alipokuwa akipapenda, muulize taratibu bila ya kumtisha. Ukipata shaka, piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.

Na mumeo naye aambiwe. Asikate simu ghafla. Amuage mtoto kwanza kabla hajazungumza nawe mambo ya fedha. Kama anaijua siku ya kurudi, amtajie, na kama haijui, asimtajie siku yoyote.