Mbwa anajikuna usiku kucha: majibu kwa wasomaji kuhusu aleji na chakula

SWALI: Dokta shikamoo. Nina Jemani Shepadi dume anaitwa Bosco, ana miaka mitatu. Tangu mwaka jana anajikuna balaa, analamba vidole mpaka manyoya meupe yamegeuka rangi ya kutu, masikio nayo yananuka, tukitibu yanatulia halafu yanarudi. Nimeshampeleka kwa madaktari wawili, akichomwa sindano anakaa vizuri wiki mbili tatu tunaanza upya. Juzi mmoja kaniambia ni aleji ya chakula, nimpe samaki. Sasa Dokta, huyu tangu katoto kadogo anakula ugali na dagaa, jumapili anapata mifupa ya ng'ombe, samaki gani tena nimpe? Na kile chakula cha pakiti cha aleji nilivyotajiwa bei nikaaga nikaondoka. — Mama Bosco, Kimara

JIBU: Marahaba mama. Hapo kwenye dagaa umegusa penyewe.

Mbwa hapati aleji na kitu ambacho hajawahi kula. Mwili unagombana na protini ambayo umeshakutana nayo, mara nyingi ile ile aliyokula miaka bila shida yoyote, kwahiyo ukisema "mbona dagaa anakula tangu mdogo" haimtoi dagaa kwenye kesi, inamuingiza. Huu ushauri wa kumpa samaki unatoka nchi ambazo mbwa analishwa ng'ombe na kuku wa pakiti maisha yake yote na samaki kwake ni kigeni. Kuna mapitio ya tafiti yalitoka 2016, walijumlisha mbwa 297 wenye aleji ya chakula ya ngozi iliyothibitishwa, na ng'ombe aliongoza kwa asilimia 34, maziwa 17, kuku 15, ngano 13, samaki wakawa chini kabisa huko kwenye 2. Lakini hao mbwa ni wa Ulaya, Marekani na Australia, sio wa Kimara. Wa kwetu sisi tumewalea kwa dagaa, dona na utumbo, kwahiyo usichukue orodha yao kama ilivyo.

Ila kabla ya kugusa sufuria, nianze na viroboto, na najua utasema Bosco hana. Chukua chanuo lenye meno ya karibu karibu, mchane mgongoni pale mkia unapoanzia, kile kivumbi cheusi kinachotoka kidondoshee kwenye tishu nyeupe yenye maji. Kikiacha rangi nyekundu nyekundu ya kahawia, hiyo ni damu aliyofyonzwa ikatolewa kama kinyesi cha kiroboto. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto anahitaji kuumwa na wachache tu awashwe siku kadhaa, ndo maana unaweza usimuone hata mmoja. Mpe dawa ya viroboto kila mwezi bila kuruka, na wanyama wote wa nyumbani wapewe, paka wa jirani anayelala kwako naye muombee ruhusa. Angalizo tu, dawa ya mbwa usimpake paka, nyingine zinaua paka.

Pili, masikio yanayonuka na vidole vilivyolowa vina fangasi au bakteria tayari, na hao peke yao wanawasha. Watibiwe kwanza, daktari achukue uchafu wa sikio auangalie kwenye hadubini, sio kubahatisha tu dawa ya matone. Na ile sindano anayopona nayo wiki mbili kuna uwezekano mkubwa ni stiroidi. Hiyo inatuliza muwasho wa aina yoyote ile, kwahiyo kupona kwake hakukuambii chochote kuhusu chanzo.

Sasa chakula. Unatafuta nyama moja ambayo Bosco hajawahi kula, na wanga mmoja ambao hajauzoea. Kwa mazingira yetu mimi huwa nasema sungura, wafugaji wapo wengi siku hizi hapo hapo Dar, au kitimoto (nyama ya nguruwe) kama nyumbani kwenu hakina shida, kipikwe kiive kabisa na mafuta utoe. Mbuzi watu wanamkimbilia kwa sababu anapatikana ila kama shida ni ng'ombe, hawa wanafanana protini, anaweza kukuharibia kazi nzima. Bata kwa mbwa aliyezoea kuku hivyo hivyo. Wanga tumia viazi vitamu au viazi mviringo vilivyomenywa, ugali weka pembeni. Chemsha nyama na viazi kwa maji basi, hakuna chumvi, hakuna kiungo cha pakiti, na kitunguu maji wala kitunguu saumu visisogee kwenye hiyo sufuria kwa sababu vinaharibu damu ya mbwa. Kipimo cha kuanzia ni nyama sehemu moja kwa viazi sehemu moja mpaka mbili, mchanganyie na chakula cha zamani kwa siku tano sita huku unapunguza hicho cha zamani, mpime uzito kila wiki, akipungua ongeza.

Hapo unakaa wiki 8 kamili, unahesabu kuanzia siku chakula cha zamani kilipoisha kabisa kwenye bakuli. Wengi wanakata tamaa wiki ya tatu wakati mbwa zaidi ya tisa kati ya kumi wenye aleji ya chakula kweli wanaonyesha unafuu ndani ya hizo 8. Kama alikuwa kwenye stiroidi, hakikisha wiki mbili za mwisho hayupo nayo, la sivyo hujui unapima nini. Kwa mbwa mzima chakula hiki kwa muda huo hakina neno, lakini hakina kalisiamu ya kutosha, kwahiyo ukiona kinamfaa usikifanye cha maisha bila daktari kukupangia nyongeza. Na mwenye katoto ka miezi minne anayesoma hapa asiige, mifupa yake itaharibika.

Shida kubwa kwenye jaribio hili huwa ni watu. Mlinzi anakula chapati saa nane za usiku anamrushia kipande, mtoto anadondosha biskuti makusudi, dada anamwachia sufuria ya maziwa airambe. Kipande kimoja tu kinaweza kumrudisha kwenye kujikuna na wewe ukasema sungura hafai. Waite wote uwaambie, mlinzi mpe vipande vya kiazi kikavu awe anampa hivyo. Dawa za minyoo na za kupe zile za kutafuna zenye ladha ya nyama nazo zinahesabika, kipindi hicho tumia dawa ya viroboto ya kudondoshea mgongoni.

Halafu akishapona, na hapa ndo wote mnanikimbia, mrudishie ugali na dagaa na mifupa yake. Ndio, mrudishie. Kama ni chakula ataanza kujikuna ndani ya siku chache, ikizidi sana wiki mbili, unamtoa tena kwenye hicho chakula akatulia, na unakuwa na uhakika. Baada ya hapo unampa kimoja kimoja, wiki mbili dagaa peke yake juu ya chakula cha sungura, kisha ng'ombe, kisha mahindi, mpaka umjue mchawi. Inawezekana kabisa dagaa hana kosa ukaendelea naye, na hela yako ikapona. Akirudishiwa kila kitu na asijikune, basi kilichomponya ni dawa ya viroboto au hali ya hewa, chakula kiacheni.

SWALI: Daktari, niko Bamburi, Mombasa. Nilinunua chakula cha mbwa kimeandikwa kondoo, duka la karibu wanapima kwa kilo kutoka gunia kubwa. Miezi miwili sasa, mbwa wangu bado ajikuna vilevile. Kumbe si chakula? — Baba Rex

JIBU: Bado hujui, ndugu yangu, kwa sababu hicho hakijawa jaribio. Neno "kondoo" mbele ya mfuko ni tangazo, wewe geuza nyuma usome viungo, mara nyingi utakuta kuna unga wa kuku, mafuta ya kuku, ngano na mahindi, huyo kondoo wako ni kidogo tu. Hata vile vya dukani vilivyoandikwa protini moja, watafiti wamevipima zaidi ya mara moja wakakuta protini ambazo hazikutajwa. Ukitaka cha pakiti kwa ajili ya kupima aleji, ni kile anachoandika daktari ambacho protini yake imevunjwavunjwa vipande vidogo mpaka mwili hauitambui, ghali ndiyo, au upike mwenyewe kama nilivyomueleza mama Bosco hapo juu.

Na hilo gunia lililo wazi, kwa joto na unyevu wa pwani, utitiri wa ghala unazaliana humo vizuri tu, wadudu wadogo huwaoni kwa macho. Mbwa wenye aleji ya utitiri wa vumbi la nyumba wengi wanawashwa na hawa pia. Nunua mfuko uliofungwa, mdogo utakaoisha ndani ya mwezi, uache kwenye mfuko wake ndani ya ndoo yenye kifuniko, na usimimine kipya juu ya masalia ya zamani.

SWALI: Kuna kipimo nimeona kinatangazwa, unatuma nywele za mbwa unaletewa orodha ya vyakula vyenye aleji. Kinafaa? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana. Mwaka 2019 kuna madaktari wa ngozi za wanyama walichapisha majaribio ya vipimo vya nywele na mate, wakatuma na manyoya ya mdoli, na majibu ya mdoli yakaja kuwa ana aleji. Kipimo cha damu kwa upande wa chakula nacho hakitegemeki, kinasaidia zaidi ukitaka kutengeneza chanjo ya aleji za mazingira. Hiyo hela nunulia sungura.

SWALI: Dokta mimi wangu ni Labrado, tupo Moshi. Anajikuna mvua za masika zikiisha, majani yakitoa maua, miezi mingine yupo fiti. Naomba chakula cha kumaliza hili tatizo. — Dada wa Moshi

JIBU: Mdogo wangu, kama kuna miezi yupo fiti kabisa na anakula chakula kilekile, basi kwa maelezo hayo chakula simshuku sana, hiyo inaelekea ni chavua za majani. Chakula cha kuimaliza hakuna, nisikudanganye. Kipo cha kupunguza.

Mafuta ya samaki yenye omega 3 yanaimarisha ngozi na kupunguza uvimbe, ila yanachelewa, mpaka wiki 12, kwahiyo anza mapema kabla msimu haujafika. Usiangalie namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kopo. Kidonge cha miligramu 1,000 cha kawaida kina EPA na DHA, yaani hizo omega 3 zenyewe, kama miligramu 300 tu zikijumlishwa, na hizo ndo zinazofanya kazi. Mbwa wa kilo 20 anahitaji takriban 1,000 za EPA na DHA kwa siku, vidonge vitatu hivi, panda polepole kwa wiki mbili maana ukimpa vyote siku ya kwanza ataharisha. Usichanganye na mafuta ya ini la samaki, yale yana vitamini A na D nyingi, kwa kiwango hicho yanaweza kumdhuru. Hata kama mbwa wako hana shida na samaki, soma hili: ganda la kidonge mara nyingi linatengenezwa kwa ng'ombe au nguruwe, anayefanya jaribio la chakula atoboe amwagie mafuta tu kwenye chakula, ganda alitupe.

Vingine ni nje ya bakuli. Akitoka kwenye majani muoshe miguu na tumbo kwa maji halafu mfute pakavu, katikati ya vidole hasa. Muogeshe mara moja kwa wiki msimu huo kwa shampuu ya mbwa. Akizidiwa zipo dawa za muwasho ambazo sio stiroidi, vidonge na sindano ya kila mwezi, bei imechangamka lakini kwa msimu mmoja tu inavumilika. Na mbwa mmoja anaweza kuwa na aleji zote mbili, kwahiyo mwaka huu akiendelea kujikuna mpaka kiangazi, rudi kwenye sufuria ya sungura.

SWALI: Wangu wa kienyeji ana mabaka, kingo za masikio na viwiko vimenyonyoka. Jirani anasema nimpake oili chafu ya gari. — Kijana wa Morogoro

JIBU: Usimpake. Atailamba, na ni sumu inayounguza ngozi na kuharibu ini. Kingo za masikio na viwiko ni sehemu za upele, sio aleji, na vidonge vingi vya kisasa vya kupe na viroboto vinaua na utitiri wa upele. Sindano ya minyoo ya ng'ombe usimchome mwenyewe, kuna mbwa inawaua. Hapo Morogoro una bahati ya hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), mpeleke wamkwangue ngozi waangalie. Na kwa kuwa upele huo unaweza kumrukia mtu, kama wewe au watoto mnawashwa mikono na tumbo siku hizi, mwambie daktari hilo mapema.