Wafanyakazi hawavuti kamba: utamaduni ndio wa kulaumiwa?

SWALI: Kampuni yetu ina viwanda katika nchi kadhaa. Makao makuu walituletea mfumo wa kubana upotevu (lean): mbao za taarifa, S tano (hatua tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi), na kamba ya kusimamisha mstari wa uzalishaji mtu akiona kasoro. Miezi minane sasa, hakuna aliyeivuta. Mshauri mwelekezi anasema watu wa hapa wana utamaduni wa kuogopa wakubwa, hivyo tuanze na semina ya kubadili fikra. Ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, semina isubiri. Siku kamba itakapovutwa, mstari ukasimama dakika nne na lengo la zamu lisifikiwe, nani atakatwa bonasi? Kama ni msimamizi wa zamu, kila mtu hapo kiwandani anajua kwamba kamba ile ni pambo. Huo si utamaduni wa kabila wala taifa, ni hesabu.

Barua za namna hii hunifikia kila mara, na karibu zote zina mshauri aliyekwisha kutoa hukumu. Wengine huja na alama za Hofstede, mtafiti Mholanzi aliyezipa nchi alama za utamaduni, mfano jinsi watu wanavyokubali mamlaka ya wakubwa. Alama hizo zilianzia kwenye madodoso ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, miaka ya 1960 kwenda 1970, na ni wastani wa nchi. Hazikwambii lolote kuhusu fundi aliyesimama mbele yako.

Tazama Fremont, California. General Motors (GM) walikifunga kiwanda chao cha magari mwaka 1982, kikiwa kimechoshwa na utoro na migomo. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi walioajiriwa ni wale wale wa zamani, na chama cha wafanyakazi ni kile kile. Muda si mrefu ubora ukakaribia ule wa Japani. Wamarekani hawakugeuka kuwa Wajapani kwa miaka miwili. Aliyevuta kamba alifuatwa na kiongozi wa timu aliyekuja kumsaidia, basi. GM wakajaribu kuiga mambo hayo kwenye kiwanda chao kingine cha Van Nuys, jimbo lile lile, yakawashinda. Na hao Wajapani tunaoambiwa wamezaliwa na utulivu? Mwaka 1950 Toyota yenyewe ilitikiswa na mgomo mkubwa hadi rais wake akajiuzulu.

Sisemi mila hazina uzito. Mahali ambapo kumkosoa mkubwa hadharani ni kumvunjia heshima, usimtake kijana ataje kasoro za mkuu wake mkutanoni. Mkuu na aende mwenyewe kwenye mashine, aulize, "Nini kinakukwamisha?" Tatizo liandikwe ubaoni kwa jina la hatua ya kazi, si la mtu. Maoni yaletwe na kikundi. Namna ya kusema inabadilika kutoka mahali hadi mahali, ila ahadi kwamba msemaji hataadhibiwa haibadiliki popote.

Wanaonichosha ni wauza vyeti vya siku tatu. Wanapaka mistari ya njano sakafuni, wanapiga picha za kabla na baada, wanaondoka. Mwaka ukiisha vumbi limerudi, nao wanarudi na ankara ya "mabadiliko ya fikra". Wapo pia wanaotumia jina la kubana upotevu kupunguza watu. Hapo hakuna utamaduni duniani utakaomfanya mtu atoe wazo la kuondoa kazi yake mwenyewe.

Mwombe mshauri wako asimame kando ya mstari zamu moja nzima, ya usiku ikiwezekana, kisha akuandikie ni nani alipoteza nini kila mashine iliposimama. Mimi ningeanza kumlipa kwa karatasi hiyo.