Jibu: Masikio kuuma ndege inaposhuka

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: ndege ikipaa huna shida, ila ikianza kushuka masikio yanaziba, yanauma hadi machozi, na husikii vizuri hadi kesho yake. Na safari ijayo unabadilisha ndege, yaani utashuka mara mbili.

Kwanza angalia pua. Una mafua au mzio? Pua ikivimba, kile kijia cha kutoka sikioni hadi kooni hakifunguki. Ndege ikishuka, mgandamizo wa hewa ndani ya ndege unaongezeka, lakini nyuma ya ngoma ya sikio unabaki mdogo, ndiyo maana ngoma inavutwa na kuuma. Kwa mafua makali mimi ningesogeza tarehe ya safari, hata kama inauma mfukoni.

Halafu usilale wakati wa kushuka. Kwa kawaida huanza karibu nusu saa kabla ya kutua, na aliyelala humeza mate mara chache sana. Mwombe mhudumu akuamshe. Mimi huanza kutafuna chingamu mapema, kabla sikio halijaziba. Likiziba, bana pua, funga mdomo, puliza taratibu. Taratibu kweli, maana kwa nguvu unaweza kuumiza sikio. Rudia kila baada ya dakika chache hadi mtue.

Kama una mtoto mchanga, mnyonyeshe ndege inaposhuka.

Kwa vile kwako inachukua siku nzima, muone daktari wa masikio kabla ya kusafiri. Dawa ya kupulizia puani muulize yeye, hasa ukiwa na presha.